Kufunga umeme si kama kufunga gesi

Tangu mitungi ya gesi asilia ianze kuonekana kwenye buti za teksi za Dar es Salaam, kuna swali ambalo halikauki gereji. Kama gesi inafungwa kwa takribani shilingi milioni mbili na kazi ya siku moja au mbili, umeme unashindikana nini? Upeleke gari Jumamosi, Jumatatu liwe linatembea kwa Luku. Video za mitandaoni zinazidi kuchochea: kijana ametoa injini, ameweka mota, gari linazunguka uwanjani, watu wanashangilia.

Inawezekana kweli, na Afrika Mashariki hii magari yaliyogeuzwa yapo na yanafanya kazi kila siku. Tatizo ni neno "kufunga". Ukifunga gesi, injini yako inabaki palepale. Unaongeza mtungi, mabomba, kipunguza mgandamizo na kompyuta ndogo, basi. Injini ileile iliyokuwa ikichoma petroli sasa inachoma gesi, na gesi ikiisha unabonyeza swichi unarudi kwenye petroli. Kwenye umeme hakuna kurudi. Injini inashushwa na haipandi tena, na mahali pake linaingia gari jingine zima, isipokuwa bodi.

Tuelewane kwanza kwenye majina, kwa sababu mengi yanachanganywa. Haibridi, kama Prius au Aqua, ni gari la petroli lenye mota ya kusaidia. Aina hizo tulizozizoea huwezi kuzichomeka ukutani, umeme wote zinaoutumia ulianzia kwenye petroli. Gari la umeme la kiwandani, kama Nissan Leaf, limesanifiwa tangu mwanzo kubeba betri sakafuni na halina injini kabisa. Gari lililogeuzwa, ambalo ndilo tunalolizungumzia, lilizaliwa na injini ya petroli au dizeli, likashushwa injini hiyo na kuwekewa mota na betri.

Neno la nne ni uniti, na hili unalijua tayari. Uniti ya Luku ndicho kipimo kilekile cha betri ya gari. Wakisema betri ni ya kilowati-saa 24, maana yake imebeba uniti 24. Gari dogo kama IST likigeuzwa vizuri litatumia karibu uniti 18 kwa kilomita 100. Ukiwa na namba hizo mbili, nusu ya maneno ya wauzaji unaweza kuyapima mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Kinachotoka na kinachoingia

Kinachotoka ni injini, tangi, pampu ya mafuta, ekzosi, stata, alteneta na mara nyingi rejeta. Kinachoingia ni mota, ambayo ndiyo misuli. Kisha betri kubwa, ambayo ndiyo tangi. Katikati yao kuna inverta, ndugu wa ile inayotumika kwenye sola nyumbani: inachukua umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja, na kuugeuza uwe ule unaozungusha mota, kwa kiasi ambacho mguu wako umeomba kwenye pedeli. Kuna chaja ya ndani ya gari, na kuna kishusha volti kinachofanya kazi ya alteneta, yaani kulisha taa, honi, redio na ile betri ndogo ya volti 12, ambayo bado inahitajika. Na kuna kompyuta inayolinda betri, ikipima volti ya kila seli na joto lake. Fundi anayekuambia hiyo kompyuta ni ya hiari, muage hapohapo.

Sehemu ambayo video huwa hazioneshi ni mambo ambayo injini ilikuwa ikiyafanya kimyakimya. Umewahi kuzima gari kwenye mteremko ukakanyaga breki mara mbili tatu? Pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Sababu ni kwamba sevo ya breki, kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga, inategemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Ukishusha injini, breki yako inakuwa hivyo siku zote mpaka ufunge pampu ya umeme ya kuvuta hewa. Pawa stelingi ya mafuta ilizungushwa na mkanda wa injini. Kompresa ya AC hivyohivyo. Kila kimoja kinahitaji pampu au kompresa yake ya umeme, mabano yake na nyaya zake. Kugeuza gari kunamaliza fedha na uvumilivu hapa, si kwenye kuzungusha magurudumu. Kuzungusha magurudumu ni rahisi.

Halafu kuna giaboksi. Kwenye gari la manyuo fundi anaweza kuiacha na kuunganisha mota kwa sahani ya chuma iliyokerezwa. Sahani hiyo ikikaa upande kidogo tu, hata chini ya milimita moja, beringi zitalia na mwisho zitakufa. Ila ikikaa sawa kazi ni nzuri: mota ina nguvu tangu inapoanza kuzunguka, kwa hiyo unaweza kutembea gia ya pili au ya tatu mjini kote bila kubadilisha. Kwenye oto mambo ni magumu zaidi. Giaboksi ya oto inahitaji injini iwe inaunguruma muda wote, hata gari likiwa limesimama, ili pampu yake ya mafuta ijenge mgandamizo. Mota gari likisimama nayo inasimama. Ndiyo maana wengi wanaogeuza magari ya oto huitoa giaboksi nzima na kupandikiza mota ya Leaf pamoja na gia zake. Magari mengi madogo tuliyonayo mitaani ni oto, na jambo hili hulisikii likisemwa.

Gari la miaka ya zamani ni rafiki zaidi kuliko jipya. Kwenye gari la kisasa kompyuta za ABS (breki zisizofunga magurudumu), dashibodi na ufunguo zinaongea na kompyuta ya injini kila wakati. Ukiitoa injini zinaanza kulalamika: taa zinawaka, geji hazisomi, wakati mwingine gari linakataa kabisa kuwaka. Land Rover ya zamani haina wa kumlalamikia.

Betri ndiyo habari yenyewe

Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9. Tangi la lita 40 lina uzito wa kilo 30 hivi na limebeba uniti zaidi ya 350. Sasa angalia betri ya Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010: uniti 24, uzito karibu kilo 290. Petroli ni kama unga, betri ni kama mihogo mibichi. Zote zinashibisha, lakini mzigo wa kubeba haulingani.

Kinachoiokoa betri ni kwamba mota haipotezi ovyo. Injini ya petroli inapeleka kwenye magurudumu karibu robo tu ya nishati ya mafuta. Inayobaki ni joto, linatoka kwenye rejeta na ekzosi. Weka mkono karibu na boneti baada ya foleni ya Ubungo, hilo joto ni fedha yako. Mota na inverta zake hupeleka mbele sehemu kubwa sana ya kile zinachopewa, tisa ya kumi au karibu na hapo. Ndiyo sababu uniti 18 zinafanya kazi ambayo petroli inaifanya kwa lita 7 zenye uniti zaidi ya 60. Foleni yenyewe, ambayo watu wanaiogopa, hailiumizi gari la umeme. Likisimama mota haili kitu. AC ndiyo inayoendelea kula, tuseme uniti moja kwa saa.

Betri ya uniti 24 ikiwa mpya inakupa kilomita kama 110 kwa gari dogo. Kutoka Mbezi Mwisho hadi Posta na kurudi, kama kilomita 50, unatosheka vizuri. Kwenda Morogoro, karibu kilomita 200, utavuka nusu ya safari kidogo tu kisha utakwama njiani. Na betri nyingi zinazotumika kugeuzia magari si mpya, zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa au kuchoka. Leaf ina vijiti 12 pembeni mwa geji ya chaji vinavyoonesha afya ya betri, na cha kwanza kinapopotea betri imeshapungua karibu asilimia 15. Joto ndilo adui wake mkubwa, kwa sababu betri ya Leaf hizo za mwanzo haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walianza kulalamika mapema, mwaka 2012, kwamba vijiti vinapotea upesi. Dar es Salaam haina joto la jangwa la Arizona, lakini pia haina msimu wa baridi wa kuipumzisha.

Kuna seli za aina nyingine, za lithiamu yenye chuma na fosfeti. Ni nzito kidogo kwa uniti ileile, ila zinavumilia joto zaidi, zinachajiwa maelfu ya mara, na haziwaki moto kirahisi. Kwa mazingira yetu mimi ningechagua hizo, hata kama zinakupunguzia kilomita.

Vipi kuhusu wazo la kupanga betri za kawaida za gari? Chukua N70: volti 12, saa za ampea 70, yaani uniti 0.84, uzito karibu kilo 18. Ukitaka uniti 25 unahitaji betri 30, kilo 540, sawa na kupakia watu wazima saba au nane kabla dereva hajaingia. Na hizo uniti 25 hupati zote, kwa sababu betri ya risasi ukiikausha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo umebeba zaidi ya nusu tani ili utembee kilomita 60 hivi, na baada ya miezi kadhaa 40. Watu waliogeuza magari miongo iliyopita walipita njia hiyo kwa sababu hawakuwa na nyingine. Sisi tunayo.

Alteneta kwenye gurudumu, na mengine yanayosemwa

Uvumi mkubwa kuliko wote ni wa gari linalojichaji lenyewe. Funga alteneta kwenye magurudumu ya nyuma, wanasema, mota iendeshe ya mbele, nayo ya nyuma irudishe umeme kwenye betri, na hutachaji tena maisha. Nimewaona vijana wenye akili nzuri sana wakitumia akiba zao kwa hili, na inaniuma. Alteneta haizunguki bure. Ikianza kutoa umeme inakuwa nzito, na uzito huo ni mota inayoubeba, kwa umeme wa betri ileile. Ni kama kujitumia fedha kutoka laini yako ya kwanza kwenda ya pili, kisha kuzirudisha: kila muamala una makato. Ukirudiarudia utamaliza salio na hujanunua hata soda.

Kuna chembe ya ukweli iliyozaa uvumi huo. Unapopunguza mwendo au kushuka mlima, mota inaweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme. Lakini inarudisha ulichokwisha kulipia. Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto ni kupanda karibu mita 1,000 kwenda juu, na kuinua gari la kilo 1,500 kimo hicho kunakula uniti 4 peke yake, mbali na za kusukuma gari mbele. Ukishuka utarudishiwa sehemu, na pedi za breki zitakushukuru. Faida hupati.

Paneli za sola juu ya paa? Paa la gari dogo linabeba paneli za wati 400 hivi. Kwa jua zuri la saa tano, hizo ni uniti 2, yaani kilomita 10 hivi kwa siku nzima ya kuegesha juani. Paneli juu ya nyumba au karakana ni habari nyingine, hizo zinaweza kulisha gari kweli.

Maji nayo yanatisha watu: nikipita kwenye dimbwi Jangwani nitapigwa shoti? Kwenye gari lililojengwa sawasawa, hapana. Nyaya za volti kubwa hazigusi bodi kabisa, chanya wala hasi, na kuna kifaa kinachokagua kama umeme umevuja na kuukata. Ila hapa ndipo ninapoogopa gereji za kubahatisha. Fundi wetu wa umeme wa magari amefundishwa maisha yake yote kwamba hasi inafungwa kwenye bodi. Kwa volti 12 ni sawa. Kwa volti 350 za umeme wa betri, desturi hiyo inaua. Umeme wa namna hiyo ukianza kuruka cheche hauzimiki wenyewe kirahisi kama wa ukutani. Nyaya zake hupakwa rangi ya chungwa ili kila mtu, pamoja na zimamoto, ajue pa kutogusa. Fundi asiye na glovu za mpira za volti kubwa na swichi ya kukatia betri asiliguse gari lako.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa lita, ipande au ishuke. IST mjini, lita 7 kwa kilomita 100, ni shilingi 21,000. Umeme: uniti 18, ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji zifike 20, kwa takribani shilingi 350 za TANESCO kwa uniti, ni 7,000. Umeokoa 14,000 kila kilomita 100.

Inavutia. Sasa kama unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka umeokoa shilingi 1,680,000. Kugeuza gari dogo kikamilifu, kwa vifaa vinavyoaminika, nje ya nchi huzidi dola 10,000, na hapa vifaa hivyohivyo vinaagizwa. Kwa milioni 25 utasubiri karibu miaka 15 kurudisha fedha yako, ndani ya gari ambalo huenda thamani yake lote ni ndogo kuliko hiyo. Betri itachoka kabla. Gesi asilia, kwa milioni mbili, inapunguza gharama ya mafuta karibu nusu. Kwa IST ya mtu wa kwenda kazini na kurudi siwezi kumshauri ageuze. Akitaka umeme, anunue gari lililozaliwa la umeme.

Nani basi ageuze? Nenda Maasai Mara. Kambi ya Emboo River inatumia Land Cruiser zilizogeuzwa na Opibus, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, na inazichaji kwa sola yake yenyewe. Tanzania nako, Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza safari za gari la umeme mwaka 2018. Magari mengi ya safari ni ya dizeli badala ya petroli, lakini kazi ya kugeuza ni ileile, na kila kitu kinachoikwamisha IST hapa kinageuka. Gari linatembea taratibu, umbali unajulikana, jioni linalala palepale lilipoamkia. Mafuta kufika porini ni ghali. Bodi na chesesi za Land Cruiser zinadumu miongo, injini ndiyo inayochoka. Zito? Lilijengwa kubeba mizigo, kilo za betri halizihisi kama kigari kidogo. Na ukimya wake ni bidhaa: mgeni anamsikia tembo akivunja matawi, na mnyama hakimbii.

Kwa hiyo swali la kwanza haliwi "gari gani?", liwe "safari gani?". Gari la shule linalozunguka kilomita 60 na kulala uani. Pikapu ya shamba la mkonge. Gari la kubebea mizigo ndani ya bandari au uwanja wa ndege. Ya namna hiyo nayaamini. Kuchaji kwao hakuhitaji kituo cha kasi: soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 inajaza uniti 24 kwa saa 11 hivi, yaani usiku mmoja. Kwa basi la Dar–Mwanza sithubutu.

Kama safari yako imepita mtihani huo, kabla ya kumtafuta fundi itoe kadi ya gari uisome. Ina namba ya injini, ujazo wake wa cc na aina ya mafuta. Siku injini inaposhushwa, mistari hiyo yote mitatu inakuwa si kweli, na gari linaloitwa la petroli kwenye kadi huku linatembea kwa betri linaweza kukuletea mgogoro na trafiki, na zaidi na kampuni ya bima siku ya ajali. Ufaransa iliyaona haya ikatoa kanuni za kugeuza magari Machi 2020: gari liwe limevuka miaka mitano, na vifaa viwe vya aina iliyokaguliwa na kuidhinishwa, si vya kuokoteza. Hapa, nenda TRA na kwa wakala wako wa bima ukiwa na michoro na uzito mpya wa gari, uulize kwa maandishi wanataka nini, upate jibu kwa maandishi. Fanya hivyo injini ikiwa bado iko ndani ya gari.